Kalemie: Sarafu ya ajabu mkononi? Uliza kwanza kama ni kosa la kiwanda ao ni jeraha la njiani

KALEMIE – Mtu akikupa noti ya dola mia sokoni Kalemie, huiweki mfukoni mbele ya kuitazama. Unainyoosha, unaielekeza kwenye mwanga, unapitisha kidole juu ya picha, unatafuta mahali ilipochanika. Mpasuko mdogo kama punje ya mchele unatosha noti irudi kwa mwenyewe. Mama muuza ndagala anajua hivyo, kambisti anajua hivyo, hata mtoto anayetumwa kununua sukari anajua.

Lakini muwekee mtu huyo huyo sarafu ya chuma mkononi, ujuzi wote unapotea. Ni jambo la kueleweka. Tangu falanga ya Kongo irudi tarehe 30 Juni 1998, sisi tunatumia karatasi tu. Hata santimu zilitoka kama noti. Vijana wengi wa mji huu hawajawahi kulipa kitu kwa feza ya chuma. Kwa hiyo sarafu ikitoka ndani ya kopo la zamani, ikiwa na sura ya ajabu, mtu hana cha kuilinganisha nayo. Anaamini lolote analoambiwa.

Ndivyo ilivyotokea kwa jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya reli kwa miaka mingi na sasa ni mstaafu. Mjukuu wake alikuta kopo la maziwa ya unga lenye sarafu 23 za zamani. Moja ilikuwa na makosa ya wazi: upande mmoja uso wa Mobutu, upande wa pili maandishi mawili yaliyopandana, na mengine yakisomeka kinyumenyume kama katika kioo. Kijana aliipiga picha na kuituma kwa mtu aliyejuana naye kwa simu. Jibu lilikuja haraka: hilo ni kosa la kiwanda, wazungu wanalinunua kwa maelfu ya dola, tuma dola 50 za kufungua dosie.

Mzee hakuwa na dola 50. Alikuwa na cherehani ya marehemu mke wake, na mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana. Mbele ya kuiuza, aliniita nisome ule ujumbe, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza maswali. Niliomba siku tatu. Niliazima kioo cha kukuza kwa fundi wa saa, na mnunuzi mmoja wa dhahabu alikubali nitumie mizani yake. Niliyoyaona ndani ya lile kopo ndiyo ninayowaeleza hapa, kwa maana makopo ya namna hiyo ni mengi katika nyumba zetu.

Sarafu inazaliwa namna gani

Huwezi kujua kosa la kiwanda kama hujui kiwanda kinafanya nini. Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Kwanza bamba refu la madini linakatwa visahani vya mviringo, visivyo na picha yoyote. Kisha kila kisahani kinawekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mwingine juu. Kwa kawaida kunakuwa pia na pete ya chuma inayokizunguka ili kisitanuke ovyo. Mihuri inagonga mara moja kwa nguvu kubwa. Madini yanasukumwa na kujaza kila shimo lililochongwa katika mihuri. Sarafu imezaliwa.

Hapo ndipo inatoka kanuni ya kwanza, na ukiikumbuka hiyo peke yake utakuwa umejiokoa na hasara nyingi. Muhuri umechongwa kwa ndani, kwa hiyo alama yake inatokea juu ya sarafu ikiwa imeinuka. Ufa katika muhuri utaonekana juu ya sarafu kama mstari uliovimba, kama mshipa juu ya mkono. Kipande kikimeguka kwenye ukingo wa muhuri, sarafu itakuwa na uvimbe laini mahali pale pale. Lakini msumari, kisu, jiwe ao jino la mashini vikigusa sarafu baadaye, vinachimba. Vinaacha mfereji, na mara nyingi madini yaliyosukumwa yanabaki yamesimama kando ya mfereji huo kama udongo kando ya shimo.

Kwa maneno mepesi, mstari ulioinuka unatoka kwa muhuri, na mstari uliochimbika mara nyingi umetoka duniani. Ninasema mara nyingi kwa sababu kuna ubaguzi. Grisi, uzi ao kipande cha chuma kikiingia katikati ya muhuri na kisahani, sarafu inaweza kuzaliwa na shimo ao sehemu iliyofifia. Lakini shimo hilo huwa na kingo tulivu, bila madini yaliyosukumwa pembeni.

Wenzetu wanaokusanya sarafu wanaweza kutumia maneno mengi. Mimi nitatumia mawili tu, yale tunayotumia kwa mwili wa binadamu: alama ya kuzaliwa na kovu.

Mafungu matatu mezani

Nilimwaga sarafu za mzee juu ya meza na kuzigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliniletea kicheko, kwa sababu ni sarafu ambazo kijana aliziita za makosa, kumbe hazina kosa hata moja.

Kulikuwa na falanga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943, yenye tembo. Ina pande sita. Mjukuu aliamini kwamba mtu aliikata kwa tupa. Hapana, ndivyo ilivyoagizwa. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya pili, basi sarafu hiyo ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, na kila moja ina pande sita.

Kulikuwa pia na santimu zenye tundu katikati. Tundu hilo nalo si kosa. Tangu mwaka 1887, wakati wa Leopold wa Pili, santimu za shaba za Kongo zilikuwa na tundu, na Wabelgiji waliendelea hivyo kwa santimu 5, 10 na 20. Na kulikuwa na falanga moja ya Katanga ya mwaka 1961, upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba wa Katanga. Kijana alifikiri ni ya mchezo wa watoto. Ni feza halali ya wakati wake, iliyotolewa na serikali ya Tshombe wakati Katanga ilipojitenga.

Fundisho la fungu hili ni kwamba ugeni si kosa. Mbele ya kusema sarafu ina kasoro, tafuta nyingine ya aina ile ile na mwaka ule ule. Kama zote zinafanana, kilichokosekana ni habari zako tu.

Fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko yote, sarafu zenye makovu. La tatu lilikuwa na sarafu moja peke yake. Nitaifikia.

Makovu ya Kalemie

Kila mji unaharibu sarafu kwa namna yake. Sisi tuna ziwa, tuna reli, tuna magaraji. Vyote vitatu vilikuwa vimepita ndani ya lile kopo.

Reli kwanza. Wale tuliozaliwa mwisho wa utawala wa Mobutu tunakumbuka jinsi sarafu za Zaire zilivyokuwa vitu vya kuchezea. Mwaka 1993 zaire mpya ilipotoka, zaire za zamani milioni tatu zilibadilishwa kwa moja. Sarafu ya zaire 10 ya mwaka 1988 haikununua hata kiberiti. Watoto tuliziweka juu ya reli na kungoja treni ya Kabalo. Gurudumu likipita, sarafu inatoka nyembamba kama jani, imerefuka, na uso wa rais umevutika. Leo mtu anaweza kukuonyesha sarafu kama hiyo na kusema mashini ya kiwanda iliigonga vibaya.

Utaitambuaje? Kiwandani, kisahani kilichogongwa bila pete kinatanuka pia. Lakini kinatanuka kuelekea pande zote, na picha ya katikati inabaki na umbo lake na ukali wake. Sarafu ya treni inavutika kuelekea upande mmoja, na picha inavutika pamoja nayo. Uso ukirefuka kama kivuli cha jioni, umekanyagwa.

Ziwa ni la pili. Sarafu iliyokaa muda mrefu katika maji ao udongo wenye unyevu inaliwa. Shaba inapata kijani. Aluminiamu, kama falanga 10 ya mwaka 1965 yenye kichwa cha simba ao likuta 1 ya mwaka 1967, inapata vidonda vyeupe na vishimo. Sarafu ikiingia katika asidi ya betri inapungua mwili wote: inakuwa nyembamba, nyepesi, na herufi zinakonda kwa pamoja kama sabuni iliyotumika. Watu wanasema kisahani kilikatwa chembamba kiwandani. Inaweza kutokea kweli, lakini hapo herufi zingefifia huku uso wa sarafu ukiwa laini. Asidi inaacha ngozi yenye vinyweleo, na kioo cha kukuza kinavionyesha bila shida.

Magaraji ni ya tatu. Sarafu yenye tundu inafaa sana kuwa rondele, na isiyo na tundu inatobolewa. Wengine walitoboa ili kuvaa shingoni ao kumfungia mtoto kiunoni. Tundu la kiwandani liko katikati, maandishi yamepangwa kulizunguka, na halimkati mtu. Tundu la baadaye linapita juu ya herufi ao shingo ya mfalme, na upande mmoja limeacha ukingo mkali mahali chuma cha kutobolea kilipotokea.

Viwanda navyo vilikosea kuhusu matundu. Tundu linaweza kukaa kando, ao kisahani kinaweza kuponyoka bila kutobolewa kabisa. Sarafu isiyo na tundu ambayo wenzake wote wanalo ni kitu adimu, ndiyo maana wapo wanaoziba tundu kwa risasi ao shaba na kung'arisha. Tazama katikati kwa mwanga wa pembeni. Ukiona duara jembamba kama kovu la chanjo, ao rangi inayobadilika, tundu limezibwa.

Sarafu iliyoumwa na kiwanda

Sarafu moja ya falanga ya mfalme Albert, yenye mchikichi upande wa nyuma, ilikosa kipande kwenye ukingo, kama mkate ulioumwa. Hii ilinipa kazi, kwa sababu kosa la namna hii lipo kweli. Bamba la madini likisogea vibaya, chombo cha kukata kinakata kisahani juu ya nafasi ambapo kingine kimekwisha kutoka. Kisahani kinatoka na pengo la duara, kisha kinagongwa hivyo hivyo.

Njia ya kujua ni kutazama upande unaokabiliana na pengo. Wakati mashini inapoinua ukingo wa kisahani, inakibana kutoka pande mbili. Mahali penye pengo hapana cha kubana, basi upande wa pili nao haupati nguvu. Kwa hiyo kwenye kosa la kweli, mara nyingi ukingo ulio mkabala na pengo unakuwa dhaifu ao umefifia. Wakusanyaji wanaita dalili hiyo kwa jina la Blakesley. Tena, herufi zilizo karibu na pengo la kweli zinaelekea kuteremka na kufifia, kwa maana madini yalikimbilia penye nafasi. Mtu anayekata kwa tupa ao mkasi hawezi kufanya hivyo. Herufi zake zimekatwa wima, na upande mkabala ukingo umesimama imara.

Falanga ya mzee ilikuwa na ukingo imara. Ndani ya pengo nilihesabu mikwaruzo sita iliyopangana. Tupa.

Mizani inasaidia hapa pia, lakini tusiipe kazi isiyo yake. Itakuambia kwamba madini yamepungua. Haitakuambia yalipungua lini. Kisahani kilichozaliwa na pengo na sarafu iliyokatwa jana zote mbili ni nyepesi. Mizani ni shahidi mzuri kwa mambo mengine: sarafu nzito kuliko wenzake inaweza kuwa ya kughushi, na sarafu ya vichwa viwili mara nyingi ni sarafu mbili zilizochongwa na kubandikwa. Ukiipapasa kwa ukucha ndani ya ukingo wake, utasikia mshono.

Ile ya dola elfu

Sasa turudi kwa sarafu iliyotaka kuuza cherehani. Ni makuta 5 ya mwaka 1967. Maandishi ya kinyume yaliyozama ndani yake ndiyo yaliyompa yule mtu wa simu maneno ya kusema.

Kosa la kiwanda lenye maandishi ya kinyume lipo. Sarafu iliyokwisha kugongwa ikibaki imenasa kwenye muhuri, kisahani kinachofuata hakigusi muhuri huo. Kinagusa ile sarafu iliyonasa. Kinatoka na picha ile ile pande zote mbili: upande mmoja imeinuka na kusomeka vizuri, upande wa pili imezama na imegeuka kama katika kioo. Jambo la kutazama ni hili: upande uliozama hauna picha nyingine chini yake. Haukupata nafasi ya kuipokea.

Sarafu ya mzee ilikuwa na picha nyingine chini yake. Maandishi ya kawaida yalikuwapo, yamelala, yamepondeka, na juu yake yamekanyaga yale ya kinyume. Upande wa pili, shavu la Mobutu lilikuwa limesawazishwa kama nguo iliyopigwa pasi. Kwa hiyo sarafu ilizaliwa nzima. Baadaye mtu aliibana pamoja na nyingine kwa nguvu, na kila moja ikaiachia mwenzake alama zake. Chombo kinachofanya hivyo kiko katika kila karakana ya Kalemie: eto, lile kabali la chuma lenye skurubu.

Nilipomweleza mzee, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka. Alikumbuka vijana wa mafunzo katika karakana ya reli waliokuwa wakibana makuta katika eto wakati wa mapumziko, kuona ni nani atatoa alama nzuri zaidi. Inawezekana kabisa kwamba ni mikono yake mwenyewe iliyotengeneza lile kosa la kiwanda.

Sarafu moja iliyobaki

Fungu la tatu lilikuwa la sarafu ambayo kijana aliiacha nje ya picha zake kwa sababu ni mbaya kutazama. Ni ya njano iliyokolea. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A. Upande wa pili umeandikwa 20 HELLER. Chini yake kuna herufi ndogo T. Ukingo hauna unene sawa, sehemu ya maandishi imefifia kama iliyochoka, na kutoka kwenye taji kunapanda mstari mwembamba hadi ukingoni.

Nilipitisha ukucha juu ya mstari huo. Ulikuwa umeinuka.

T ni Tabora. Mwaka 1916 Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa imefungiwa na manowari za Waingereza. Sarafu hazikuweza kuja tena kutoka Berlin wala Hamburg. Serikali ya Wajerumani ikafungua kiwanda cha dharura katika karakana ya reli karibu na Tabora. Walitumia shaba nyekundu na shaba ya njano waliyoweza kupata, pamoja na maganda ya risasi za mizinga, na mihuri waliyoichonga papo hapo. Walitoa heller 5, heller 20, na vipande zaidi ya 16,000 vya dhahabu vya rupia 15 vyenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke.

Kazi ya haraka kwa vyombo vya reli ilizaa sarafu zisizofanana. Ndiyo maana heller 20 za Tabora zina taji kubwa na taji ndogo, herufi L zenye ncha tofauti, rangi mbili za madini, unene unaobadilika, na mistari ya mihuri iliyopasuka lakini ikaendelea kutumika kwa sababu hapakuwa na mingine. Mtu akitaka kuona makosa ya kiwanda kwa macho yake katika ukanda huu wetu, hakuna darasa zuri kuliko sarafu hii.

Kuhusu namna ilivyofika Kalemie, mzee hajui, ila ziwa lenyewe linajibu nusu. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa, wakati huo Albertville, mwaka 1915. Mwaka uliofuata askari wa Force Publique walivuka na kuteka Kigoma mwezi wa Julai, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Wabelgiji walibaki Kigoma hadi mwaka 1921, na hata baada ya hapo walipewa nafasi yao bandarini. Askari, wapagazi, wachuuzi na mabaharia walipita huku na huko, na mifuko yao pamoja nao.

Je, mzee ametajirika? Hapana. Heller 20 za Tabora zilitengenezwa kwa wingi, na wakusanyaji wanazijua vizuri. Ufa wa muhuri kwenye sarafu ambayo karibu zote zina kasoro hauongezi sana. Iliyochakaa kama hii ina bei ya kawaida, haijengi nyumba. Ile ya dhahabu ndiyo yenye bei kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoghushiwa sana. Ya kweli ina gramu 7 na kidogo. Ukionyeshwa yenye mshono kwenye ukingo, vinyweleo usoni na herufi zilizovimba kama unga uliolowana, imemiminwa katika kalibu, haikugongwa na muhuri.

Mbele ya kutuma senti

Wasomaji wengi wana kopo nyumbani. Haya ndiyo ninayowaomba mzingatie.

Usisafishe. Mzee alikuwa ameandaa ndimu na mchanga kwa ajili ya ile ya Tabora. Angeifuta ngozi yake ya miaka zaidi ya mia moja, na mkusanyaji angeitazama kama wewe unavyoitazama dola iliyochanika. Maji safi, kitambaa laini cha kukaushia bila kusugua, basi.

Tafuta mwenzake. Sarafu moja haiwezi kujishuhudia. Linganisha aina ile ile ya mwaka ule ule, hasa kama unafikiri upande wa pili umegeuka vibaya. Viwanda vina desturi mbili za kupanga pande za sarafu, kwa hiyo kinachoonekana kugeuka kinaweza kuwa ndiyo kawaida yake.

Jiulize swali moja: mashini ingeweza kufanya hivi wakati wa kugonga? Kama huwezi kueleza namna muhuri, kisahani na pete vilivyoleta kasoro hiyo, fikiria kwanza nyundo, eto, treni, moto na maji. Vitu hivi vimegusa sarafu nyingi kuliko makosa ya viwanda.

Na ukikuta kosa la kweli, usihesabu dola bado. Kuna makosa madogo yasiyo na mnunuzi yeyote. Bei inatoka pale ambapo watu wawili wanaoitaka wanakutana, haitoki katika ujumbe wa simu.

La mwisho ni jepesi kuliko yote. Mtu anayetaka kweli kununua mali yako hakuombi feza, anakupa. Nilimshauri mjukuu amwandikie yule mtu kwamba akate dola 50 zake kwenye yale maelfu, kisha atume kinachobaki. Kijana aliandika saa nne asubuhi. Alama ya kwamba ujumbe umesomwa ilionekana dakika chache baadaye. Mpaka ninapoandika habari hii, hakuna jibu.

Cherehani haikuuzwa. Makuta 5 yamerudi ndani ya kopo pamoja na wenzake 21. Ile ya Tabora mzee ameifunga katika kitambaa chake peke yake. Haitaki kuuzwa, anasema, lakini sasa anataka kuwaonyesha wajukuu ule mstari, na kila mmoja apitishe ukucha wake juu yake.